Bonde la bazee na kisanduku chetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama, Golf, Lubumbashi)



Prezida aliniomba niseme juu ya safari. Mbele ya kurudi huku nilikaa Ekwado, ile ya Amerika ya Kusini, haiko Equateur ya Mbandaka. Siku moja nilipanda basi Loja, nikashuka Vilcabamba. Ni mji mdogo katikati ya milima, kimya kabisa: kanisa, uwanja, bazee wamekaa kwenye kivuli. Dunia nzima ilisikia kama kule watu wanapita miaka 100, hata 120. Njo nilienda kuona.

Sasa musikie. Mwaka 1973 dokta Alexander Leaf wa Harvard aliandika juu yao katika National Geographic. Lakini mzee mmoja, Miguel Carpio, alimwambia kwanza ana miaka 121. Dokta aliporudi kisha miaka michache, mzee akasema 132! Dokta mwenyewe akaingia mashaka. Kisha Mazess na Forman wakafungua vitabu vya parokia. Mwaka 1979 wakaandika: hakuna hata mmoja aliyefika 100. Mkubwa wa wote alikuwa na 96. Tena majina yalikuwa yanarudi-rudi katika jamaa, karatasi ya ndoyi ikahesabiwa kuwa yako. Sisi pia tunajua mambo ya ndoyi.

Hapo nilimukumbuka baba yangu. Yeye walimupunguzia miaka juu apate kazi. Siku ya kumuzika tulibishana tuandike nini pa musalaba.

Na kisanduku chetu cha bazee kinatazama paka kitambulisho: miaka 70. Iko mama mumoja katikati yetu, chake kinasema 1961. Lakini siku Katanga ilitangaza kujitenga, 11/7/1960, alikuwa anabeba mudogo wake mugongoni. Tulimunyima mara mbili. Mimi pia nilinyoosha mukono wa kumunyima.

Wafadhili musiogope, sisemi tuamini kila mzee; Carpio angetumaliza feza. Ninaomba watu 3 tu: kitambulisho kikipingana na maneno ya mutu, waende parokia, watafute ubatizo wake na wa ndugu zake, waangalie isiwe ya ndoyi.

Tuanze na huyo mama. Parokia yake ninaijua, na transport nitalipa mimi.