Mashine Isome, Lakini Kibarua Asikizwe



Nimeombwa niseme habari za mashine zinazosoma taarifa za usalama wa kazi za ujenzi. Wengine watauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka, likaua watu zaidi ya 30.

Kampuni za ujenzi huandika taarifa ajali inapotokea. Taarifa hizo hujaa makabatini, na hapana karani awezaye kuzisoma zote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza programu ya kompyuta inayozisoma yenyewe na kuzichambua: hapa palikuwa na ngazi, hapa upepo, hapa mbao, huyu kaumia mkono, yule kichwa. Hivyo hatari inayojirudia huonekana mapema, kabla haijaua tena.

Ni jambo jema. Lakini nina maneno mawili.

Kwanza, programu ile ilifundishwa Kiingereza. Haijui mirunda, wala zege, wala saidia fundi. Tena ajali isiyoandikwa haisomwi na mashine yo yote. Kibarua akivunjika mguu, akapewa nauli arudi kwao, habari yake haimo kabatini. Basi tudai kila ajali iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili cha mafundi wenyewe.

Pili, kujua hatari si kuizuia. Tarehe 23 Aprili, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, nchini Bangladesh. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliambiwa watoke. Kesho yake wakaamriwa warudi kazini. Jengo likaanguka, wakafa watu 1,134. Hapo habari haikukosekana. Kilichokosekana ni nguvu ya mfanyakazi kukataa kuingia, na asipoteze kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mashine tuikaribishe iwe karani wetu mwepesi, isiwe bwana wa kazi. Mkaguzi apande jukwaani kwa miguu yake. Na kibarua akisema, "Mirunda hii imepinda," asikizwe, wala asifukuzwe.

Jasho letu tumekubali kulitoa. Damu hatukukubali.