Hotuba juu ya Pampu ya Maji katika Injini ya Mashua



Neno nililopewa kulisema ni juu ya kipande kidogo cha mpira, ambacho mtu aweza kukifumbata kiganjani, nacho ndicho mlinzi wa injini ya dizeli iendayo juu ya Ziwa. Huitwa impela.

Labda mtu wa Shinyanga atauliza, "Sisi watu wa nchi kavu tuna haja gani na mambo ya mashua?" Namjibu kwamba jamaa zetu na mizigo yetu huvuka Ziwa kila siku. Tena tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa husukumwa na pampu za Ihelele hata Shinyanga na Kahama. Pampu za Ihelele zikinyamaza, mji hukauka. Pampu ya mashua ikinyamaza, injini hufa.

Kwanza tujue kazi yake. Dizeli iwakayo ndani ya injini hufanya joto kubwa. Gari hupozwa kwa rejeta na upepo, lakini injini nyingi za mashua hupozwa kwa maji ya Ziwa lenyewe. Pampu huyanyonya kwa bomba lililo chini ya mashua, huyasukuma yakachukue joto, kisha hutoka nje, mara nyingi pamoja na moshi. Basi maji yale yatokayo ndiyo pumzi ya injini. Na kwa kuwa Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka huku kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani.

Impela ina mabawa ya mpira, nayo huzunguka katika chumba cha mviringo ambacho upande mmoja umevimba kwa ndani. Mabawa yakipita penye uvimbe hukunjwa, na yakiisha kupita hunyooka. Yakinyooka huvuta maji, yakikunjwa huyasukuma. Mfano wake ni mivuo ya wahunzi wa Kirongo waliofua chuma zamani katika nchi ya Geita: mvuo ukifunguliwa huvuta upepo, ukikandamizwa huutoa.

Lakini mabawa hayo hulainishwa na maji yenyewe. Yakikosa maji, mpira hujisugua juu ya chuma, ukaungua na kukatika kwa muda wa dakika chache tu. Adui zake ni hawa: magugu maji na mifuko ya plastiki izibayo mdomo wa bomba, mchanga ulao mabawa, koki iliyosahauliwa ikiwa imefungwa, na uzee, maana mpira hukakamaa.

Sasa nitaeleza jinsi ya kuibadili.

Zima injini, uiache ipoe, na uondoe waya wa betri, asije mtu akaiwasha nawe mkono wako umo ndani. Funga koki ya maji ya Ziwa, kwa maana pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, ukiifungua bila kufunga koki maji yataingia mashuani. Fungua skrubu za kifuniko uziweke kikombeni, zisipotee chini ya injini. Kabla ya kuitoa impela, tazama mabawa yamelalia upande gani. Kisha ivute polepole kwa koleo au kwa chombo chake maalumu, wala usiukwaruze ukuta wa chumba.

Halafu hesabu mabawa. Jambo hili wengi huliacha, nalo ndilo kubwa. Ikiwa yalikuwa sita na sasa yamebaki manne, yale mawili hayakuyeyuka; yamechukuliwa na maji yakakwama mbele, katika bomba au katika chombo cha kupozea. Yatafute hata uyapate. Usipoyatoa, impela mpya itasukuma maji katika njia iliyozibwa, na injini itachemka vile vile.

Safisha chumba. Kifuniko kikiwa kimelika sana, kibadili. Paka impela mpya gliserini au maji ya sabuni, wala si grisi, kwa kuwa grisi na mafuta ya injini huharibu mpira wa namna nyingi. Isukume ndani huku ukiizungusha upande ule ule ambao pampu huzungukia, hata mabawa yalale kwa nyuma. Weka gasketi mpya, rudisha kifuniko, na ukaze skrubu kidogo kidogo kwa kupishana. Fungua koki, rudisha waya, washa injini, na mtu mmoja atazame nje. Maji yasipotoka upesi, zima mara moja, usingoje.

Injini za petroli zifungwazo nyuma ya mitumbwi nazo zina impela ya mpira, chini karibu na rafadha. Njia ya kuifikia ni nyingine, lakini sheria ni moja: zisiwashwe pasipo maji.

Mtaniuliza, je, haya si mambo ya fundi peke yake? Sivyo. Injini ikizimika kati ya Nkome na visiwa, mashua haiwezi tena kuyaelekea mawimbi. Hugeuka, ikayapokea ubavuni. Ndani mna mama apelekwaye kujifungua, na mwalimu, na mchuuzi wa dagaa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na kila mara watu kwa mamia walikufa. Sababu za misiba hiyo zilikuwa nyingine, wala si impela. Lakini yatufundisha kwamba juu ya maji uzembe mdogo haukai mdogo.

Tena iko desturi mbaya. Jioni nauli hugawanywa: fungu la mwenye mashua, fungu la mabaharia, fungu la dizeli. Injini haina fungu. Fundi akiomba impela huambiwa, "Endesha tu, itafika." Siku isipofika, lawama ni zake, kumbe fedha ya kipuri tumeila sisi.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. Wazee, katika kila mashua ya ushirika fungu la vipuri litengwe kabla ya mgao, na ndani ya mashua ziwemo siku zote impela ya akiba, gasketi, bisibisi na koleo. Wenye mashua, wekeni daftari la saa za kazi ya injini, na impela ibadiliwe kwa kufuata kitabu cha injini, au walau mara moja kila mwaka, hata kama yaonekana nzima. Waalimu, wafundisheni watoto kuuliza kabla ya mashua kuondoka, "Je, maji yanatoka?" Nahodha mwema hatachukia swali hilo.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ni kipande hiki cha mpira, tusikidharau.