Kompyuta ya Nyumbani: Nguvu Kiasi Gani?



Nimeombwa niseme juu ya kununua kompyuta ya nyumbani. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa wengi wenu mnajua nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwezi Machi 2025 nilitoka Mbagala na shilingi 600,000 za kiinua mgongo, nikaenda Kariakoo kumnunulia mjukuu wangu kompyuta ya mpakato iliyokwisha kutumika. Muuzaji akanionyesha kibandiko: Core i7. Jirani yangu alikuwa na i5. Nikajiambia saba ni zaidi ya tano, nikalipa. Kumbe yangu ikiwashwa, chai huchemka kwanza. Ya jirani huwa tayari kabla hajaketi vizuri.

Siri imo katika namba zinazofuata. Yangu ni i7-4600U: hiyo 4 ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013. Yake ni i5-8250U, kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Prosesa yangu ina viini viwili, yake vinne. Tena Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilinunua kitu kilichobakiza miezi saba.

Wazee wenzangu mtanisamehe nikisema kosa hili lina historia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mashine ilitangulia, matayarisho yakafuata nyuma.

Basi andika kwanza kazi, ndipo uende dukani. Mwanafunzi anayechapa insha na kutazama masomo ya video, au mama mwenye duka Temeke anayetunza hesabu zake, anatoshwa na RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Hiyo SSD msiidharau. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta huku na huku. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana ni nyepesi mno. Kijana wa studio kule Kinondoni anayehariri filamu, huyo kweli anahitaji gigabaiti 16 au zaidi, na kadi ya picha. Lakini baba asinunue mashine ya studio kwa ajili ya barua. Kadi kubwa ya picha hula umeme, na LUKU haina huruma.

Muulizeni pia muuzaji kama RAM inaweza kuongezwa. Nyingine zimelehemiwa humo humo, hazitoki.

Yangu sikuitupa. Fundi aliweka SSD, akaongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8, akaondoa Windows na kuweka Linux, ambayo hailipiwi. Sasa insha zinachapwa. Mjukuu mwenyewe yuko pale nyuma, Kidato cha Tatu. Maswali ya Linux mpelekeeni yeye. Mimi bado natafuta mahali pa kuizimia.