KIBOKO TULIKIKATAA KAZINI, TUKIKATAE NA NYUMBANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mwembe Tayari, Mombasa)



 Desturi yetu tukikutana hapa Mwembe Tayari ni kuzungumza habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaomba tuzungumze habari ya kipigo cha nyumbani. Labda baadhi yenu mtauliza, "Haya nayo ni mambo ya chama?" Twajibu kwamba ndiyo, ni mambo ya chama, na sababu zake ni hizi.

Wazee waliotutangulia kazini walichapwa. Katika mashamba ya masetla kiboko kilikuwa chombo cha kazi kama jembe. Mwaka 1923, huko Molo, kibarua mmoja jina lake Kitosch alionekana amempanda farasi wa bwana wake badala ya kumwongoza kwa miguu. Bwana huyo, Jasper Abraham, alimpiga sana. Akafungwa kamba, akatiwa stoo, na usiku ule ule akafa. Kesi ilipofika Nakuru, walitokea madaktari waliosema kwamba marehemu alitaka kufa mwenyewe. Basi yule bwana hakuhukumiwa kwa kuua, bali kwa kuumiza vibaya, akapewa miaka miwili. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Mtu apigwa mpaka afe, kisha lawama yawekwa juu ya maiti.

Mabwana wa namna ile hawakusema kwamba wanawaonea watu. Walisema wanawatia adabu. Wafanya kazi wakalikataa neno hilo. Hapa Mombasa, mwezi wa Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandari na wa reli pamoja, wakidai mshahara wa kutosha na kukataa dharau. Chama cha wafanya kazi kimejengwa juu ya msingi huo: mtu si mnyama, na hakuna mkubwa mwenye haki ya kumpiga aliye chini yake.

Lakini neno "adabu" halikuzikwa. Lilihama shambani likaingia vyumbani mwetu. Mwaka 1979 mswada wa sheria ya ndoa ulikataliwa katika Bunge la Kenya, na miongoni mwa wabunge walikuwapo waliolalamika kwamba utawazuia wanaume kuwatia adabu wake zao. Hawa hawakuwa masetla. Walikuwa ndugu zetu, nchi ikiwa huru tangu 1963. Ilipita miaka 36 mpaka 2015 ndipo Kenya ikapata sheria ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani.

Tusidhani kwamba ni jambo la watu wachache. Katika uchunguzi mkuu wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 34 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Wanaume nao walikuwa 27 katika 100, na kwa hiyo mwanamume anayepigwa asione haya kusema. Lakini anayepigwa na mwenzi wake wa nyumbani, mara nyingi zaidi, ni mwanamke.

Sasa tuziangalie sababu zinazotolewa. Mtu husema, "Nilikuwa na hasira. Mkubwa wa kazi alinitukana, deni la duka limezidi, na nilikuwa nimelewa kidogo." Mashaka hayo twayajua, nasi twapigana nayo kila siku katika chama. Lakini tumwulize mtu huyo: je, yule mkubwa aliyekutukana ulimpiga? Hukumpiga, kwa sababu ungefukuzwa kazi. Ulimpiga mwenye duka anayekudai? Hukumpiga, maana angekupeleka polisi. Basi hasira yako ina macho. Yajua nani wa kumwogopa na nani wa kumwonea. Ilitembea kutoka karakana mpaka nyumbani bila kumgusa mtu, ikafika ikampiga yule asiyeweza kukufukuza. Hiyo si hasira iliyomshinda mtu. Huo ni uonevu.

Wengine husema, "Nimetoa mahari." Mahari ni heshima ya ndoa, hakuna soko lililouza mtu kwa mahari. Wengine huleta dini. Twawaomba masheikh na mapadre wetu waseme wazi misikitini na makanisani kwamba hawampi mtu ruhusa ya kumvunja mwenziwe mbavu. Na twawakumbusha Waislamu kwamba Kadhi hukata mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Kipigo ni jinai, na jinai hupelekwa polisi na mbele ya hakimu.

Halafu iko methali inayotumiwa na majirani: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Methali hiyo ni ya ugomvi wa maneno baina ya watu wawili wenye nguvu sawa. Mmoja akiwa na mshipi mkononi na mwingine yuko chini sakafuni, hapo hapana ugomvi, pana mpigaji na mpigwa. Twajua nyumba za mtaa huu zilivyo. Vyumba sita au vinane, ukumbi mmoja, ukuta mwembamba. Mtu akilia chumba cha tatu, chumba cha sita wasikia. Huku mmoja aongeza sauti ya redio, huku mwingine afunga dirisha, na asubuhi wote wakutana bombani na kumsalimia yule mama kana kwamba hawauoni uso wake.

Sisi watu wa reli tumefundishwa vingine. Mfanya kazi akiona reli imevunjika hasemi, "Hiki si kipande changu." Atatoa bendera nyekundu, na usiku taa nyekundu; asiye na bendera atapunga mikono yote miwili mpaka dereva amwone. Hangoji ruhusa ya mkubwa, wala hafikiri kwamba dereva atakasirika kwa kusimamishwa. Basi kilio cha chumba cha tatu ni reli iliyovunjika, na mwenye kukisikia ndiye mwenye kusimamisha gari.

Pengine mtasema kwamba chama hakina nguvu katika mambo kama haya. Tazameni mfano wa wakimbiaji. Agnes Tirop alikuwa mkimbiaji mashuhuri wa nchi hii. Mwezi wa Septemba 2021, huko Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia ya kilometa 10 katika mbio za wanawake peke yao. Haukupita mwezi na siku chache, tarehe 13 Oktoba, alikutwa amekufa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alikamatwa kesho yake hapa hapa kwetu, Changamwe, akashtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Fedha na sifa hazikumlinda Tirop. Lakini wenzake wa kazi hawakuishia kwenye mazishi. Waliunda shirika lenye jina lake, Tirop's Angels, la kuwasaidia wanaopigwa na kuwafundisha vijana. Hawakuwa mawakili wala matajiri wa serikali. Walikuwa watu wa kazi moja waliosema kwamba aliyekufa ni mwenzao. Kama wakimbiaji waliweza, sisi tutashindwaje?

Basi tushike mambo ya kufanya, kwani maneno matupu hayafungi kidonda.

Kwanza, ukisikia kipigo, usiende peke yako kupigana. Waite majirani wawili watatu, mbisheni hodi kwa pamoja. Mara nyingi hodi yatosha kusimamisha mkono. Ikiwa pana silaha, msiingie; piteni polisi Makupa au Central, au pigeni 999. Kuna simu ya taifa ya msaada kwa watu waliodhulumiwa, 1195, isiyotoza malipo. Na kwa habari za watoto ni 116.

Pili, aliyeumizwa apelekwe hospitali upesi. Katika Hospitali Kuu ya Pwani kuna kituo cha kuwatunza waliodhulumiwa. Ikiwa amenajisiwa, asioge na asifue nguo zake, na afike kabla saa 72 hazijapita, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya hapo haifai tena. Nguo zile zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Tatu, ripoti iandikwe polisi, na aombe namba ya ripoti na fomu ya P3 ili daktari aijaze. Akitaka kuzungumza na askari mwanamke, aulize meza ya jinsia. Mmoja wetu afuatane naye, maana mtu aliye peke yake hurudishwa kesho na kesho kutwa, lakini mwenye mwenzake husikilizwa.

Nne, sheria ile ya 2015 yampa haki ya kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi. Mahakama yaweza kumkataza mpigaji asimguse, asimfuate, hata asiingie katika nyumba wanayokaa. Yaweza pia kumtoza fidia. Mwenye kuivunja amri hiyo afanya jinai. Tena sheria hii haitaji ngumi peke yake. Vitisho, matusi ya daima, kumnyang'anya mtu mshahara wake au kumnyima fedha za lazima, na wakwe kuingilia ndoa kwa kuonea, yote yamo.

Tano, tusimfukuze kwa maswali. Usimwulize, "Ulimfanya nini?" wala "Mbona hukuondoka zamani?" Hayo ni maneno ya wale madaktari wa Nakuru. Mwanamke mwenye watoto watatu, asiye na mshahara wala nauli ya kwenda kwao, haondoki kwa sababu hana pa kwenda. Mwulize, "Twaweza kukusaidia nini usiku huu?"

Kwa hiyo tunalo ombi mbele ya tawi. Twaomba ziteuliwe mama wawili na mabwana wawili, watu wenye siri, ambao mwanachama au mkewe aweza kuwaendea saa yoyote. Twaomba katika mfuko wa mazishi itengwe sehemu ya nauli, chakula na chumba cha siku chache. Ndugu, twachanga haraka kumzika mtu. Tuchange basi kumwokoa akiwa hai. Na twaomba maofisa, watakapokaa na waajiri juu ya mkataba, wadai siku za ruhusa yenye mshahara kwa mfanya kazi aliyedhulumiwa nyumbani. Hatuombi jambo geni. Mkutano wa kazi wa mataifa huko Geneva, mwaka 2019, ulipitisha Mkataba namba 190 juu ya jeuri na bughudha kazini, nao watambua kwamba kipigo cha nyumbani chamfuata mtu mpaka kazini.

Mwisho twasema na mwenzetu anayepiga, kwani huenda yumo humu. Hatukuchukii, na mshahara wako tutaupigania kama wa mwingine. Lakini usitarajie chama kije mahakamani kukutetea kwa kumpiga mkeo, wala kumnyamazisha shahidi kwa ajili ya kadi yako. Ikiwa mkono wako wakushinda, sema na wale wanne kabla ya mwisho wa mwezi haujafika.

Twaomba jambo hili lipigiwe kura leo, kabla ya kufunga mkutano.