Kutoka gerezani hadi chuoni

Kijana wa Minago akimaliza kifungo katika gereza la Murembwe, Rumonge, nchini Burundi, mara nyingi hurudi ufukweni kutafuta nafasi ya kuvua. Chuo kikuu hata hakiwazi: karo hana, na masomo aliyaacha siku aliyokamatwa.

Uganda imeonyesha kuwa njia ipo. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Akiwa katika gereza la Luzira, yeye na wenzake 416 waliishtaki serikali, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha kuwa adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Adhabu yake ikapunguzwa hadi miaka 20.

Humohumo gerezani alirudi darasani, kisha akasomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, huku akiwasaidia wenzake kuandika rufaa. Alitoka Januari 2016.

Hakufika huko peke yake. Shirika la African Prisons Project, ambalo leo ni Justice Defenders, lilisimamia masomo hayo.

Burundi inaweza kuanza na dogo zaidi: mfungwa aandaliwe kwa mtihani wa taifa, na akitoka na alama zinazotosha, chuo kimpokee kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wizara za Sheria na Elimu zikae meza moja.