KOVU LIMEPONA, KICHWA BADO

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwenzetu mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani, katika mkutano wetu wa mwaka, mjini Unguja.)



Ndugu Katibu aliponitaka nizungumze leo alinipa hiari ya kuchagua maneno. Naamini wengine wenu mlitaraji nitaleta hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kusomesha. Lakini tangu mwaka 2021 nimekuwa mwanafunzi wa somo jengine, na kwa kuwa wengi tuliomo ukumbini humu tumeshapindukia miaka 50, naona somo hilo linatuhusu sote. Mwaka huo nilipasuliwa kichwa kwa maradhi yanayoitwa anyurizimu ya ubongo. Sikuja kukusimulieni upasuaji, kwani siku ile mimi nilikuwa nimelala na waliofanya kazi ni wengine. Nimekuja kuzungumza juu ya yanayofuata baadaye, na hasa kisunzi, ambacho wengine hukiita kizunguzungu. Juu ya jambo hili watu husema kidogo sana, na mgonjwa huachiwa ahangaike nalo peke yake.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani hukutana chini ya ubongo ikafanya duara, ambalo daktari wa Kiingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Pahala mshipa unapogawika, ukuta wake huweza kudhoofika ukavimba kama mpira wa baiskeli uliotoka tundu la tairi. Kifuko hicho ndicho anyurizimu. Inakisiwa kuwa katika kila watu wazima 100, kiasi cha watatu wanacho, na wengi wao huishi nacho mpaka mwisho wa umri wao bila ya kujua. Shinikizo la juu la damu na uvutaji wa sigara huongeza hatari yake, na wako ambao maradhi haya yamo katika ukoo wao. Kikipasuka, damu humwagika juu ya ubongo, na mtu huumwa na kichwa kwa ghafla, maumivu ambayo hajapata kuyaona maishani mwake, kama aliyepigwa na radi. Katika waliopasukiwa, theluthi moja au zaidi hufariki. Mimi nimo katika waliobaki, na namshukuru Mwenyezi Mungu.

Tiba yake si ya kale. Mwaka 1937, huko Baltimore nchini Marekani, daktari Walter Dandy alikibana kifuko hicho shingoni mwake kwa kibanio kidogo cha fedha, na mgonjwa akapona. Siku hizi vibanio hutengenezwa kwa titani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 iko njia nyengine pia, ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa kutoka pajani mpaka kichwani, na kukijaza kifuko nyuzi laini za madini bila ya kufungua fuvu. Nasi hapa Unguja hatuko nyuma kama zamani. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo wengi wetu utotoni tuliijua kwa jina la V.I. Lenin, mwaka 2014 kilifunguliwa kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, iliyoasisiwa na daktari José Piquer. Mimi nilipasuliwa ng'ambo, Dar es Salaam, nikawekewa kibanio.

Sasa tufike kwenye maneno yangu. Mgonjwa hurejea nyumbani. Majirani huja kumtazama, wakaona kovu limefunga vizuri, nywele zinaota, na akivaa kofia hata hilo kovu halionekani. Basi husema, "Alhamdulillahi, umeshapona." Naye mwenyewe anaona barza inapanda na kushuka kama jahazi katika mkondo wa Nungwi. Akisema kweli, huambiwa anajidekeza. Akinyamaza, huonekana mvivu, au ana kiburi kwa kuwa hatoki. Wako na wanaonong'ona kuwa kachezewa, au ana shetani anayetaka kupungwa. Ndugu zangu, kisunzi hiki kina sababu zake, na sababu hizo zinaeleweka.

Ubongo hujua mwili umekaaje kwa kuwasikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni sikio la ndani, ambamo mna mifereji mitatu midogo iliyopinda na kujaa maji, na kila kichwa kikigeuka maji yale hucheza. Wa tatu ni nyayo, viungo na misuli, vinavyotoa habari za ardhi tunayoikanyaga. Ubongo ndiye kadhi. Mashahidi wakikubaliana, mtu husimama wima bila ya kufikiri. Lakini kadhi aliyemwagikiwa na damu kisha akafanyiwa upasuaji huchoka upesi, na hukumu yake huchelewa. Kwa hivyo mtu huona kisunzi hata kama macho, masikio na miguu yake yote ni mizima.

Na si kisunzi kimoja. Daktari wangu aliniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: "Kinakuja wakati gani?" Kikija mtu anapoinuka kitandani, huenda shinikizo la damu linashuka ghafla, ama kwa kulala muda mrefu, ama kwa dawa, ama kwa upungufu wa maji mwilini. Kikija anapogeuka ubavu kitandani, nyumba ikazunguka kwa sekunde chache kisha ikatulia, huenda ni chembe ndogo za chokaa zilizotoka mahala pake katika sikio la ndani, na hizo mtaalamu hujua namna ya kuzirejesha kwa kukilaza na kukigeuza kichwa kwa utaratibu. Kikija muda mfupi baada ya kumeza vidonge, hasa vya kuzuia kifafa, yafaa daktari avitazame vipimo vyake. Tena chumvi ya damu huweza kushuka baada ya maradhi haya, na hilo hujulikana kwa kupimwa damu. Ndipo nikaweka daftari, nikiandika saa, nilichokuwa nikifanya na kisunzi kilidumu muda gani. Daftari lile lilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote ya mdomo. Sisi wa hesabu tunajua kwamba suala lisiloandikwa vizuri halipati jawabu.

Katika matengenezo ya kisunzi kinachobaki, mtu aweza kudhani dawa yake ni kulala. Siku za mwanzo, naam, lazima apumzike. Lakini ubongo hujifunza upya kusimama kwa kufanya kazi ya kusimama. Katika miaka ya 1940 madaktari wawili wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, walitunga mazoezi kwa ajili ya watu waliopata kisunzi, wakiwemo walioumia vichwa, na msingi wake unatumika mpaka leo. Mazoezi hayo humleta mtu karibu na kisunzi kidogo kidogo, mpaka ubongo ukizowee na kukishinda. Mimi nilibandika herufi moja ukutani, nikakaa kitini, nikaikodolea macho huku nikigeuza kichwa polepole kushoto na kulia, dakika moja tu, mara tatu au nne kwa siku. Kisha nikafanya hivyo nikiwa nimesimama karibu na ukuta, mke wangu akiwa pembeni. Kisha nikatembea nikigeuza kichwa. Kisunzi kikizidi kidogo halafu kikatulia baada ya dakika chache, kipimo ni sawa. Kikidumu saa nzima, kipimo kimezidi, nami nilipunguza kesho yake. Asianze mtu mazoezi haya bila ya kumwuliza daktari wake.

Mji wetu wenyewe ni skuli ya kisunzi. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni nyembamba, zimesimama wima, na vipandio havilingani urefu. Nilifunga kamba nene kando ya ngazi yetu kutoka chini mpaka juu. Vichochoroni pikipiki hutokea nyuma ghafla, na kugeuka upesi kulinitia kisunzi, basi nikajifunza kusimama kwanza nikashika ukuta, halafu nikageuka mwili mzima. Umeme ukizimika, shahidi wa kwanza huondoka, kwa hivyo sitoki usiku bila ya kurunzi. Soko la Darajani lilikuwa mtihani mkubwa, kwa watu wanavyopishana na rangi zinavyokwenda mbio machoni. Nilianza kwenda asubuhi mapema kabla halijachangamka, nikanunua kitu kimoja na kurudi. Forodhani nilikwenda alfajiri, nikatembea ukingoni nikitazama upeo wa bahari. Mabaharia wetu wanajua siri hiyo tangu zamani, kwamba aliyechafukwa na bahari hutakiwa atazame mbali, maana akikaa ndani ya chombo macho humwambia ametulia na masikio humwambia anakwenda mrama. Kila nilipovuka kwa boti kwenda kuonana na daktari, nilikaa nje pahala ninapouona upeo.

Ibada nayo ina nafuu zake. Kurukuu na kusujudu, kisha kuinuka, kulinizungusha sana. Mgonjwa ameruhusiwa kusali amekaa, nami nilisali juu ya kiti miezi mingi. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule sikufunga, kwa amri ya daktari. Mgonjwa wa aina yangu, katika wiki tatu za mwanzo baada ya damu kumwagika, kwa kawaida hupewa nimodipini kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Basi asije mtu akamwonea haya imamu wake.

Liko jambo zito kuliko kisunzi, nalo ni uchovu. Si uchovu wa kazi, bali ni kama taa iliyokwishiwa na mafuta, mtu akawa hawezi hata kujibu salamu. Pamoja nao huja kusahau majina, na kushindwa kuvumilia makelele. Nilipokaa barazani Soko Muhogo, vishindo vya dhumna vilinipiga kichwani kama nyundo, nikawa nakaa robo saa na kuaga. Darasani niliporejea nilipewa kwanza vipindi viwili kwa siku, vya asubuhi. Kulikuwa na aliyesema afadhali niache kazi kabisa. Nyumba yangu ilikuwa na watoto watatu wanaosoma, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukiwalipia. Kwa hivyo vile vipindi viwili ndivyo vilivyotuokoa, na vingine viliongezeka polepole mwaka uliofuata. Kwa wengi maendeleo makubwa huonekana katika miezi sita ya mwanzo, lakini nafuu huendelea mwaka, hata miaka miwili. Marekani, Joe Biden alipasuliwa kwa anyurizimu mbili mwaka 1988 alipokuwa seneta. Alirejea Seneti baada ya miezi saba, na mwaka 2021 akawa rais. Mwigizaji wa Kiingereza Emilia Clarke alipatwa mwaka 2011 na kutibiwa tena mwaka 2013. Mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa mara ya kwanza alipotea maneno hata jina lake mwenyewe akashindwa kulitaja, naye akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa na mwenzangu wodini, mtu wa shamba, tuliyepasuliwa wiki moja. Watu wake kwa huruma walimzuia asiinuke, wakamlisha na kumwogesha kitandani. Nilipomtembelea baada ya miezi mitano, miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, na akiinua kichwa tu anaanguka. Hakukosa mapenzi mtu yule, alikosa mtu wa kumshika mkono wakatembea mpaka kwenye mwembe na kurudi. Walipoambiwa hivyo na mtaalamu wa viungo wakaanza, na sasa anakwenda mwenyewe msikitini.

Hata hivyo, si kila kisunzi ni cha kusubiriwa. Mgonjwa akiumwa na kichwa kwa ghafla na kwa nguvu, akitapika mfululizo, akipata kifafa, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukilegea, kovu likitoa maji au homa ikipanda, apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo akianza kupotewa na akili, kutembea kwa kuburura miguu na kushindwa kuzuia mkojo, hata kama ni miezi mingi baadaye, maana maji ya ubongo huweza kujaa ndani ya kichwa, nayo yana tiba yake. Wala asiache mtu vidonge vya shinikizo au vya kifafa kwa kuwa ameona nafuu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Chama chetu huchanga kwa harusi na kwa mazishi, na hilo ni jema. Naomba tununue vipimo viwili vya shinikizo la damu, tupimane katika kila mkutano, na wanaovuta sigara tuwashike mkono waache. Na mwenzetu akitoka hospitali, tujipangie zamu: mmoja amtembeze asubuhi, mwengine amfuatane botini siku ya kwenda kwa daktari, mwengine amsomee gazeti kwa sauti ndogo. Mwenye kwenda kumtazama asimwambie "umeshapona." Amwulize, "Leo kichwa kinakwendaje?" kisha amsikilize jawabu lake.

Mimi leo nimesimama mbele yenu dakika ishirini, na meza hii nimeishika kwa mkono mmoja tu.