"Hitilafu ya Kiufundi": Kwa Nini Wengi Hawaamini

Saa 5:32 asubuhi ya Julai 8, 2015, Soko la Hisa la New York lilisimamisha biashara. Uongozi ulisema ni hitilafu ya ndani ya kiufundi, si shambulio la wadukuzi. Wengi hawakuamini, na hawakukosa sababu. Asubuhi hiyo hiyo ndege za United Airlines zilikuwa zimezuiwa kuruka kwa tatizo la kompyuta, tovuti ya Wall Street Journal ikazimika kwa muda, na hisa za China zilikuwa zikiporomoka. Usiku uliotangulia, akaunti ya Twitter inayohusishwa na kundi la wadukuzi la Anonymous ilikuwa imedokeza kwamba huenda kesho yake mambo yakawa mabaya Wall Street.

Chanzo kilichoelezwa baadaye kilikuwa cha kawaida kabisa. Jioni ya Jumanne mafundi walianza kuweka toleo jipya la programu. Kulipokucha, madalali walipoanza kujiunga, mitambo inayopokea oda zao haikuelewana na ile iliyokwisha kuwekewa toleo jipya. Marekebisho yakafanywa kabla ya soko kufunguliwa, yakazaa matatizo mengine, hadi kila kitu kikasimamishwa. Biashara ilirejea saa 9:10 alasiri. Muda wote huo hisa zile zile ziliendelea kuuzwa katika masoko mengine ya Marekani.

Hata hivyo, kumbeza mwenye shaka ni kosa. Agosti 2020 soko la hisa la New Zealand lilikatizwa biashara siku 4 mfululizo, na safari hiyo walikuwa wavamizi wa mtandaoni kweli.

Dawa ya shaka hiyo ni uwazi, na mfano wa kuigwa umetoka soko la hisa la Tokyo. Oktoba 1, 2020, soko lilifungwa siku nzima baada ya kumbukumbu ya kifaa kimoja cha kuhifadhia data kuharibika. Kifaa cha akiba kilitakiwa kushika kazi chenyewe. Hakikushika, kwa sababu mpangilio wake ulifuata maelekezo ya mwongozo uliopitwa na wakati. Viongozi walikaa mbele ya waandishi siku hiyo hiyo, wakajibu maswali kwa kina. Rais wa soko, Koichiro Miyahara, alijiuzulu mwezi uliofuata. Uvumi ulikosa pa kushika.

Hicho ndicho wawekezaji wanachostahili: kuambiwa ni kifaa gani kilichogoma, saa ngapi, baada ya badiliko lipi, na nani aliamua kufunga. Maneno mawili ya jumla hayatoshi, kwani uzembe wa kawaida nao hufilisi. Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika 45 tu. Kati ya seva zake 8, moja ilikuwa haijawekewa programu mpya.

Kuhusu New York, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza Machi 2018 faini ya dola milioni 14 dhidi ya soko hilo na masoko dada, kwa makosa kadhaa, likiwemo lile la Julai 2015.